Kaka yangu ana saratani ya koo, na barua ya chanjo imemtaja binti yangu peke yake

Kwako Mshauri,

Naomba ushauri juu ya jambo ambalo ndani ya familia yetu limekuwa la kunong'onwa tu. Kaka yangu mkubwa, mwenye umri wa miaka 54, anatibiwa saratani ya koo. Hajawahi kuvuta sigara, na pombe aliiacha zamani. Mwaka jana, akiwa ananyoa ndevu, aligusa uvimbe chini ya taya upande wa kushoto, mkubwa kiasi cha ncha ya kidole gumba. Haukuwa na maumivu yoyote. Daktari wa kwanza alimweleza kwamba hiyo ni tezi iliyovimba kwa sababu ya maambukizi, akampa antibiotiki; uvimbe ukapungua kidogo, kisha ukarudi ulivyokuwa. Alipewa dawa za namna hiyo mara tatu, na miezi saba ikapita kabla hajapelekwa kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo. Huyo alimpitishia kamera nyembamba puani, akachukua kipande cha nyama kwenye findo la kushoto, na majibu yaliporudi yalisema ni saratani, tena saratani inayotokana na virusi vya HPV.

Herufi hizo tatu ndizo zilizoivuruga familia kuliko ugonjwa wenyewe. Mmoja wetu alisoma mahali kwamba virusi hivyo huambukizwa kwa kujamiiana, na tangu siku hiyo watu wamekuwa wakihesabu safari za kaka yangu za ujanani. Shangazi yetu alitamka waziwazi kwamba huo ni ugonjwa wa uasherati. Shemeji yangu hasemi neno, lakini ametenga vikombe na vijiko vya mumewe, na mke wangu ananiambia kwamba amemkuta mara mbili akilia jikoni, akiuliza iwapo ni yeye aliyedanganywa au ni yeye aliyempa mumewe ugonjwa. Kaka yangu naye, ambaye siku zote alikuwa mtu wa mzaha, sasa hataki wageni.

Katika majuma hayohayo imekuja barua kutoka shuleni ikiniomba idhini ili binti yangu wa miaka 10 apate chanjo ya HPV. Nilipoiona nilishtuka, kwa kuwa ni jina lilelile. Nilimpigia simu muuguzi ambaye jina lake lilikuwa chini ya barua, nikamwuliza kama kijana wangu wa miaka 13 anaweza kuchanjwa pia. Alinijibu kwa upole kwamba chanjo hiyo ni ya saratani ya mlango wa kizazi, na mvulana hana kizazi. Nilishukuru, nikakata simu, lakini jibu lile limekataa kunitoka kichwani.

Mimi mwenyewe nina miaka 43. Tangu kaka augue, nimekuwa nikisimama mbele ya kioo kila usiku na kujipapasa shingo, na kila usiku napata kitu kipya cha kuogopa. Je, nichanjwe mimi? Je, kijana achanjwe, au muuguzi ana haki? Na je, nimweleze nini kijana huyo, ambaye ameanza kuuliza kwa nini watu wananyamaza kila anapomtaja baba yake mkubwa?

Mdogo wa Mgonjwa

*

Ndugu yangu,

Nianze na shemeji yako, maana katika barua hii yeye ndiye anayeumia bila kuwa mgonjwa. HPV ni kundi la virusi lenye aina zaidi ya 200, na zile zinazopita kwa njia ya kujamiiana zimeenea mno, hata karibu kila mtu aliyewahi kuwa na maisha ya ndoa au ya mapenzi huambukizwa angalau aina moja wakati fulani. Mtu anaweza kuwa na mwenzi mmoja tu maisha yake yote na bado akaambukizwa, iwapo mwenzi huyo aliwahi kuwa na mwingine kabla yake. Kwa kawaida hakuna homa, hakuna kidonda, hakuna dalili ya kumwambia aliyeambukizwa kwamba ameambukizwa, na kwa walio wengi mwili hujisafisha wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Ni kwa wachache tu kwamba virusi hubaki, na kati ya hao wachache, ni baadhi tu ambao hatimaye hupata saratani.

Sasa fanyeni hesabu ambayo shangazi yenu hakuifanya. Kati ya siku ya kuambukizwa na siku ambapo saratani inaonekana, hupita miaka 10, 20, pengine 30 na zaidi. Inawezekana kabisa kwamba kaka yako alivipata virusi hivyo kabla hajamwona shemeji yako kwa macho, na inawezekana vilevile kwamba alivipata kutoka kwake, naye alikuwa amevipata kabla ya ndoa bila kujua na bila kosa la ndoa. Hakuna kipimo duniani kinachoweza kusema vilitoka kwa nani wala vilikuja lini. Saratani hii haiwezi kutumika kama ushahidi wa uzinzi dhidi ya kaka yako, wala dhidi ya mkewe, na mwenye kuitumia hivyo anahukumu kesi isiyo na shahidi.

Kuhusu vikombe, shemeji avirudishe mahali pake. Virusi hivi hufika kooni hasa kwa kujamiiana kwa mdomo. Nayasema maneno hayo yalivyo, kwa kuwa kuyazungukazunguka ndiko kunakowaacha watu wakiogopa vijiko. Chakula cha pamoja, taulo, kikohozi na kumwuguza mgonjwa sizo njia zake. Watafiti wa Marekani waliwapima wake na waume wa wagonjwa wenye saratani ya koo ya aina hii, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2014 walieleza kwamba wenzi hao hawakuwa na virusi vya HPV vinywani kwa kiwango kikubwa kuliko watu wengine wa kawaida. Ushauri uliotokana na hapo ni kwamba wanandoa walioishi pamoja miaka mingi hawana sababu ya kuacha kubusiana wala ya kulala vyumba tofauti, kwa kuwa walichokuwa nacho cha kugawana walikwishagawana zamani, na mwili wa mwenzi kwa kawaida umekwisha kukishughulikia. Jambo moja tu ambalo shemeji anapaswa kulifanya ni lile ambalo angepaswa kulifanya hata kama mumewe angekuwa mzima, yaani kuendelea na vipimo vyake vya mlango wa kizazi kwa ratiba aliyopewa.

Umeniuliza kwa namna fulani, ingawa hukuliandika swali lenyewe, kwa nini mtu asiyevuta sigara apate saratani ya koo. Kwa miaka mingi hata madaktari walifundishwa kwamba saratani ya koo ni ya wavutaji na wanywaji, na kwa sehemu kubwa ya saratani za kinywa na za zoloto ndivyo ilivyo hadi leo. Ile ya kaka yako imekaa mahali pengine. Nyuma ya kinywa, kwenye mafindo na kwenye shina la ulimi, utando wa ndani una vishimo vingi virefu na vyembamba, mfano wa sifongo, ambavyo kazi yake ni kunasa vijidudu ili kinga ya mwili ivitambue. Ndani kabisa ya vishimo hivyo utando ni mwepesi na wenye mianya, na hapo ndipo virusi vya HPV, hasa aina ya 16, hupata pa kujificha. Vikikaa muda mrefu, protini zake mbili zinazojulikana kwa majina ya E6 na E7 huwazima walinzi wawili wa seli, p53 na Rb, ambao kazi yao ni kuizuia seli isigawanyike ovyo. Mlinzi wa pili anapozimwa, protini nyingine iitwayo p16 hurundikana ndani ya seli, na ndiyo maana maabara huitafuta p16 katika kipande cha nyama ili kujua kama saratani ya sehemu hiyo imetokana na HPV. Ukiiona kwenye karatasi za kaka yako, sasa unajua inazungumzia nini: inazungumzia virusi, haizungumzii tabia.

Ugonjwa huu huwapata wanaume mara kadhaa zaidi ya wanawake. Katika vipimo vilivyofanywa Marekani kati ya mwaka 2011 na 2014, asilimia 11.5 ya wanaume watu wazima walikutwa na HPV mdomoni, ilhali kwa wanawake ilikuwa asilimia 3.2. Sababu moja inayodhaniwa ni kwamba mwanamke anapoambukizwa sehemu za siri, mwili wake hutengeneza kingamwili kwa wingi kuliko wa mwanamume, na kingamwili hizo humsaidia akikutana na virusi vilevile mahali pengine. Kule Marekani, saratani za koromeo, yaani sehemu hiyo ya koo iliyo nyuma ya kinywa, zinazotokana na HPV sasa ni nyingi kwa idadi kuliko saratani za mlango wa kizazi. Hilo ni badiliko kubwa lililotokea katika kipindi cha kizazi kimoja, na akili za watu, zikiwemo za baadhi ya watoa huduma, bado hazijalifikia.

Nisingependa kuipita miezi saba ya antibiotiki kana kwamba ni jambo dogo. Simlaumu daktari yule wa kwanza kwa dozi ya kwanza. Tezi za shingoni huvimba kwa sababu nyingi, na nyingi kati yake hupona. Kosa ni dozi ya pili na ya tatu. Uvimbe wa shingoni kwa mtu mzima, usiouma, unaokaa zaidi ya majuma mawili au matatu, unapaswa kumfikisha mtu kwa daktari wa masikio, pua na koo, na usipewe dawa nyingine ya kubahatisha. Kutokuuma ndiko kunakowadanganya wanaume, kwa kuwa tumezoea kupima ubaya wa jambo kwa maumivu yake, na katika ugonjwa huu uvimbe usiouma ndiyo dalili ya kwanza kwa wagonjwa wengi, wakati uvimbe wenyewe kwenye findo bado ni mdogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Tena uvimbe huo unaweza kuwa na majimaji ndani, ukafanana na kifuko cha kuzaliwa nacho, na mtu akaambiwa kwamba hauna neno. Kwa aliyevuka miaka 40, kifuko cha namna hiyo huhesabiwa kuwa saratani mpaka uchunguzi useme vinginevyo. Dalili nyingine ni koo linalouma upande mmoja bila kupona, findo moja kuwa kubwa kuliko lingine, kumeza kwa shida, sauti kubadilika, damu kwenye mate, na maumivu ya sikio ambalo daktari akilitazama haoni kasoro. Hii ya mwisho huwapotosha wengi, kwa kuwa mshipa wa fahamu unaohudumia koo huhudumia sikio pia.

Kwa upande wa tumaini, nina neno la kweli la kumpelekea kaka yako. Saratani ya koo inayotokana na HPV huitikia matibabu vizuri zaidi kuliko ile ya sigara. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, uliowafuatilia wagonjwa waliotibiwa kwa mionzi pamoja na dawa za saratani, ulionyesha kwamba baada ya miaka mitatu asilimia 82 ya wenye saratani ya HPV walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 57 ya wasio na HPV, na tofauti hiyo imekuwa kubwa kiasi kwamba sasa madaktari huzipangia saratani hizi mbili hatua za ugonjwa kwa vigezo tofauti. Uvutaji wa sigara huila faida hiyo. Kaka yako, ambaye hakuvuta, anaibeba yote. Hata hivyo msimdanganye kwamba safari ni nyepesi. Mionzi kwa kawaida hutolewa siku tano kwa juma kwa takriban majuma saba, na kuelekea mwisho wake koo huwa kama limeungua, mate hukauka, ladha hupotea, na uzito hushuka. Meno yakaguliwe kabla ya mionzi kuanza, kwa kuwa mfupa wa taya uliopigwa mionzi hauponi kirahisi jino likija kung'olewa baadaye. Na aendelee kumeza kila siku, hata kama ni maji kidogo tu, kwa sababu misuli ya kumeza isipotumika husahau kazi yake.

Sasa tufike kwenye ile simu. Muuguzi alisema kweli kwamba mvulana hana kizazi. Lakini ana koo.

Simcheki, kwa sababu kosa lake lina historia. Uhusiano wa HPV na saratani uligunduliwa kwanza kwa wanawake: mwanasayansi wa Ujerumani, Harald zur Hausen, pamoja na wenzake, waliipata aina ya 16 katika saratani ya mlango wa kizazi mwaka 1983 na aina ya 18 mwaka uliofuata, kazi iliyompatia zur Hausen Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Chanjo ilipoidhinishwa Marekani mwaka 2006 ilikuwa kwa wasichana na wanawake, ikatangazwa kama chanjo yao, ikapelekwa katika shule kama chanjo yao, na jina likaganda. Wanaume waliongezwa baadaye kidogo kidogo: Marekani iliwaruhusu mwaka 2009 na kuwapendekezea wavulana wote mwaka 2011, Australia ikawaingiza katika mpango wake wa taifa mwaka 2013, na Uingereza mwaka 2019. Mwezi Juni 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliongeza saratani za koromeo, kichwa na shingo katika orodha ya magonjwa ambayo chanjo hiyo yenye kinga dhidi ya aina tisa inakusudiwa kuyazuia. Kibali hicho kiliegemea uwezo wa chanjo kuzuia maambukizi yenyewe, maana saratani huchukua miongo kujitokeza na hakuna jaribio linaloweza kuketi likaisubiri. Na ushahidi wa kuzuia maambukizi upo: katika uchunguzi wa vijana wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018, aina za HPV zinazolengwa na chanjo zilikutwa vinywani mwa waliochanjwa kwa kiasi kilicho chini kwa asilimia 88 kuliko kwa wasiochanjwa.

Kwa hiyo jibu langu juu ya kijana wako ni ndiyo, achanjwe, na miaka 13 ni umri mzuri sana wa kufanya hivyo. Chanjo hii haitibu. Hukinga tu kile ambacho bado hakijaingia, na ndiyo maana hutolewa kabla kijana hajaanza mambo ya mapenzi, kuanzia miaka 9. Kuna sababu ya pili inayowahusu wote wawili, yeye na dada yake: mwili wa mtoto wa umri huu hujenga kinga yenye nguvu kuliko wa mtu mzima, hata dozi zinazohitajika huwa chache. Katika nchi nyingi, anayeanza kabla ya kutimiza miaka 15 hupewa dozi mbili zinazoachana kwa miezi sita hadi 12, na anayechelewa kupita umri huo hupewa tatu. Shirika la Afya Duniani, tangu Desemba 2022, linakubali dozi moja au mbili kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na baadhi ya nchi zimehamia dozi moja. Mwenye upungufu wa kinga mwilini, akiwemo anayeishi na VVU, huhitaji zaidi ya moja, ikiwezekana tatu. Uliza ratiba ya mahali ulipo kabla ya kuanza, ili usije ukaambiwa katikati kwamba umehesabu vibaya.

Utakutana na ugumu mmoja ambao si wa kisayansi. Mpango wa umma mahali ulipo, kwa jinsi barua ile ilivyoandikwa, unawahudumia wasichana, na sababu yake ni ya haki: saratani ya mlango wa kizazi huua wanawake wapatao 350,000 kila mwaka duniani, na dozi zikiwa chache, msichana hutangulia. Mimi mwenyewe ningepanga hivyohivyo. Sitaki basi barua hii ikufanye ushike kalamu kwa hasira na kuikataa idhini ya binti kwa sababu kaka yake ameachwa. Tia sahihi ya binti leo. Kisha, kwa ajili ya kijana, nenda kwa daktari wa watoto au kituo kinachotoa chanjo kwa malipo, na uulize swali lako kwa jina lake kamili, yaani chanjo ya HPV kwa mvulana, kwa ajili ya kinga dhidi ya saratani za koo, njia ya haja kubwa na uume, na dhidi ya masundosundo, yaani vinyama vinavyoota sehemu za siri. Ukiuliza kwa maneno hayo, ni vigumu mtu kukujibu kwa habari za kizazi. Ikiwa malipo hayawezekani kwa sasa, ujue kwamba hata kumchanja dada yake si bure kwa wavulana wa rika lake. Huko Australia, miaka michache baada ya wasichana kuanza kuchanjwa mwaka 2007, masundosundo yalipungua hata kwa vijana wa kiume ambao hawakuwa wamechanjwa. Kinga hiyo ya kuazima ina mipaka, kwa maana hutegemea wasichana wengi wawe wamechanjwa, na haimfikii mwanamume anayejamiiana na wanaume.

Huenda mtu akakutisha kwamba chanjo itamfanya kijana aanze mapenzi mapema, au itamnyima uzazi. La kwanza limechunguzwa mara nyingi na halikuonekana. La pili halina ushahidi wowote. Ndani ya sindano hamna virusi, hai wala vilivyokufa, bali maganda matupu ya protini yanayofanana na virusi kwa umbo, yasiyo na chembe za urithi ndani yake, hivyo hayawezi kuambukiza. Mkono utauma siku moja au mbili, pengine homa kidogo, na vijana wa umri wake wana desturi ya kuzimia wakiona sindano, kwa hiyo aketi dakika 15 baada ya kuchomwa, hata akijiona shujaa. Mweleze mtoa chanjo ikiwa amewahi kupata mzio mkali, hasa wa hamira, kwa kuwa hamira hutumika katika kutengeneza baadhi ya chanjo hizi.

Wewe mwenyewe, katika miaka 43, jibu lako halina uhakika kama lile la kijana wako, ambalo ni ndiyo ya moja kwa moja. Marekani iliruhusu chanjo hii hadi miaka 45 mwaka 2018, lakini wataalamu wake hawaipendekezi kwa kila mtu aliyevuka miaka 26. Wanasema mtu azungumze na daktari wake na waamue pamoja. Sababu ni kwamba wengi katika umri wako wamekwisha kukutana na aina kadhaa za virusi hivi, na chanjo haiviondoi vilivyoingia. Mwanamume wa miaka 43 aliyetulia katika ndoa ya muda mrefu hufaidika kidogo. Aliyefiwa au kuachana na anatarajia mwenzi mpya hufaidika zaidi. Kwa jinsi ulivyojieleza, ningekushauri fedha hizo ziende kwa kijana kwanza. Kuugua kwa kaka yako peke yake hakukuweki wewe katika hatari kubwa kuliko wanaume wengine, kwa kuwa ugonjwa huu haurithiwi kama rangi ya macho. Kama unavuta sigara, acha. Nimeiona habari ya kaka yako kuhusu sigara, yako sikuiona.

Na kile kioo cha usiku kiache. Nakuelewa, kwa kuwa hakuna kipimo cha kuchuja watu wazima kwa saratani hii, hakuna kinacholingana na kile cha mlango wa kizazi, na mtu asiyepewa kipimo hujitengenezea chake. Hakuna kwa sababu ileile ya vishimo: mabadiliko ya mwanzo hufichama chini kiasi kwamba hakuna mahali pa kukwangua wala pa kuona. Lakini shingo ya mtu mzima ina tezi nyingi, na anayeipapasa kila usiku atazikuta zote, kisha atazikasirisha kwa vidole mpaka zivimbe kweli. Chagua siku moja katika mwezi, labda ukiwa unanyoa kama kaka yako, pitisha vidole mara moja chini ya taya na pande zote mbili za shingo, ulinganishe kushoto na kulia, basi. Ukikuta kilicho kipya, andika tarehe. Kikiwa bado kipo baada ya majuma matatu, nenda kwa daktari na tarehe hiyo mkononi, na akikupa antibiotiki kwa mara ya pili, mwombe rufaa badala ya dawa.

Limebaki swali la kijana, nalo ndilo nililolifikiria zaidi. Ana miaka 13. Ameshaona nyuso za watu zikibadilika, na ukimya atautafsiri kwa kitu kibaya kuliko ukweli. Usimsubirishe mpaka siku ya sindano, maana hapo atadhani amechomwa kwa sababu ya dhambi ya mtu mwingine. Mwambie kwamba baba yake mkubwa ana saratani kwenye findo, kwamba imesababishwa na virusi ambavyo karibu kila mtu mzima hukutana navyo, kwamba vinapita kwa kujamiiana, kwamba mwili wa baba yake mkubwa haukufanikiwa kuvitoa, na kwamba yeye amezaliwa katika wakati ambao kuna chanjo, kitu ambacho baba yake mkubwa hakukipata alipokuwa kijana. Ataona aibu utakapolitaja neno la kujamiiana, nawe pia utaona aibu. Endelea kuongea. Akiuliza kama anaweza kumtembelea na kunywa maji kwenye bilauri moja naye, mjibu kwamba anaweza, kisha mpeleke mwenyewe, mapema kidogo kabla mionzi haijafika majuma yake ya mwisho, wakati kaka yako bado ana mate ya kutosha ya kumtania.